Chapel au Moneylender: Una Karata Kumi Mbovu, Ununue Ipi?

Mtoto wa Uganda akifundishwa karata hufundishwa kwanza mchezo uitwao matatu, na katika matatu mshindi ni yule anayemaliza karata zake. Ukipigwa mbili unavuta mbili, wenzako wanacheka, maana kila mtu anajua karata nyingi mkononi ni mzigo. Kwa hiyo siku tulipofungua kisanduku cha Dominion, mchezo wa karata wa kununua na kujenga fungu lako, kwenye baraza letu hapa Walukuba, Jinja, nilidhani Chapel, karata ya kuondolea karata zako nyingine, haitahitaji wakili. Wapi! Meza nzima iliiruka kama dimbwi la mvua.

"Nitoe pesa ninunue kitu cha kunichomea pesa?" shemeji yangu aliuliza. "Shemeji, hiyo ni biashara ya wapi?"

Yeye akanunua Moneylender, nayo karata ya kuchoma, ila inalipa. Mimi nikanunua Chapel, nikachoma kila kilichopita mbele yangu, nikapigwa vibaya sana. Nitaeleza kosa langu lilikuwa wapi, kwa sababu nadhani ndilo linalowafanya wengi waichukie karata hii baada ya kuijaribu mara moja tu. Ila kwanza tuweke msingi, maana si kila msomaji amewahi kuushika mchezo wenyewe.

Dominion ilitungwa na Donald X. Vaccarino, ikachapishwa na Rio Grande Games mwaka 2008, na mwaka 2009 ikapewa tuzo ya Spiel des Jahres kule Ujerumani. Kila mchezaji anaanza na karata 10: Copper 7 na Estate 3. Mezani kwetu Copper ni shaba, yenye sarafu 1, Silver ni fedha, yenye 2, Gold ni dhahabu, yenye 3. Estate, yenye pointi 1 bila sarafu, tunaiita shamba, ingawa mtu wa Walukuba akisikia neno hilo la Kiingereza anawaza nyumba za wafanyakazi zilizopangwa mistari. Duchy tumeiita wilaya, kwa kuwa nchi hii wilaya hazijawahi kuadimika. Province ni jimbo, na majimbo ndiyo kila mtu anayawinda: kila moja lina pointi 6 na bei yake ni sarafu 8.

Kila zamu unashika karata 5. Una ruhusa ya kitendo kimoja na ununuzi mmoja, kisha zote, ulizotumia na usizotumia, zinakwenda kwenye rundo la zilizotumika. Rundo la kuvutia likiisha unachanga upya zile zilizotumika. Karata unazonunua zinaingia humo humo, kwa hiyo unacheza mchezo huku ukiujenga. Kuna kutupa kwa kawaida, ambako karata itarudi kwako, na kuna kutupa jalalani, ambako hairudi tena. Huko kwa pili sisi tunakuita kuchoma, na makala hii yote inahusu kuchoma.

Sasa kwa nini mtu achome? Chukua fungu la mwanzo. Lina sarafu 7 ndani ya karata 10, yaani wastani wa 0.7 kwa karata. Ukishika tano unapata wastani wa 3.5. Jimbo linataka 8, kwa hiyo karata zako tano zinahitaji wastani wa 1.6 kila moja. Unaweza kufika huko kwa kuongeza dhahabu na fedha mpaka zile dhaifu zizame, kama mtu anayetia sukari kwenye chai yenye chumvi. Au unaweza kuitoa chumvi.

Zinavyoonekana zikiwekwa pamoja

| | Chapel | Moneylender |
|---|---|---|
| Bei | 2 | 4 |
| Inachoma nini | karata zozote mkononi, hadi 4 | shaba moja tu |
| Unapata nini papo hapo | hakuna | sarafu 3 |
| Shamba na laana (karata ya pointi hasi) | inachoma | haigusi |
| Ikimaliza kazi | inabaki imekufa mkononi | inabaki imekufa mkononi |

Zote mbili zinakula kitendo chako cha zamu hiyo na hazikurudishii kingine. Hapo ndipo wanaoanza wanapokosea kwa kununua zote mbili: siku zikikutana mkononi, moja inakaa bure. Kama hakuna Village mezani ya kukuongezea vitendo, chagua moja uifuate.

Tazama zaidi mstari wa tatu wa jedwali. Moneylender inakulipa leo. Unachoma shaba yenye thamani ya 1, unapewa 3, faida ni sarafu 2 ndani ya zamu ile ile. Chapel haikulipi chochote. Tena zamu unayoitumia vizuri mara nyingi hununui kitu, kwa sababu pesa ambayo ungenunulia ndiyo uliyoichoma. Binadamu akiwekewa hayo mawili mbele yake atachukua la leo. Simlaumu.

Zamu mbili za kwanza

Karata zako 10 zinagawanyika mara mbili, tano na tano. Mara 5 kati ya 6 utapata sarafu 3 katika zamu moja na 4 katika nyingine. Mara 1 kati ya 6 utapata 5 na 2.

Ukipata 5 na 2, uchaguzi umejifanya wenyewe. Kwa 2 unanunua Chapel, kwa 5 unanunua kitu kizito kama Laboratory au Market, karata za kuzungusha fungu, au Witch, mgawa laana. Kuchukua Moneylender kwa sarafu 5 huku Chapel inalala pale kwa sarafu 2 ni kupoteza nafasi, na mimi sijaona meza ambapo ningefanya hivyo.

Ukipata 4 na 3 ndipo akili inahitajika. Njia moja ni Moneylender kwa 4 na fedha kwa 3. Njia nyingine ni fedha kwa ile 4 na Chapel kwa ile 3, au kinyume chake, ukikubali kwamba sarafu mbili kwa jumla zinapotea hewani. Hapo tena Chapel inaonekana ya kipumbavu: umelipa pungufu, lakini umebaki na chenji ambayo mchezo hauirudishi.

Baada ya hapo fungu lina karata 12, na zamu ya tatu na ya nne zitakuonyesha 10 kati ya hizo. Kwa hiyo karata yoyote uliyonunua una nafasi 5 kwa 6 ya kuiona kabla ya mzunguko kwisha. Ile mara moja kati ya sita Chapel inapojificha chini kabisa ni msiba mkubwa kuliko Moneylender kujificha, kwa sababu thamani ya Chapel inashuka kila zamu inayopita. Kuchoma shamba zamu ya tatu kunakuokoa na shamba hilo kwa mchezo mzima. Kulichoma zamu ya kumi na mbili, umechelewa mazishi.

Mchezo mmoja, hatua kwa hatua

Baada ya mwezi mmoja wa kubishana tulibadilishana viti. Shemeji akachukua Chapel, mimi Moneylender. Karata kumi za mezani, yaani aina kumi za kununua, zilikuwa Chapel, Village, Militia, Moneylender, Remodel, Smithy, Laboratory, Market, Sentry na Witch, na tulikubaliana hakuna kugusa Witch ili jaribio lisiharibike. Tulikuwa wawili, kwa hiyo majimbo yalikuwa 8.

Mimi nilinunua Moneylender na fedha. Zamu ya tatu nikashika Moneylender, shaba tatu na shamba: nikachoma shaba moja, nikapata 3, na shaba mbili zilizobaki zikafanya 5. Laboratory. Zamu ya nne fedha, shaba tatu na shamba: 5 tena. Market. Zamu ya tano nilipata dhahabu. Zamu ya sita Moneylender ikaja tena, nikachoma shaba ya pili, nikaongeza Laboratory nyingine. Zamu ya saba nikanunua jimbo langu la kwanza, nikamwangalia shemeji kama mtu aliyekwisha kushinda.

Upande wake mambo yalikuwa hivi. Zamu ya tatu alishika Chapel, mashamba mawili na shaba mbili. Akachoma zote nne. Hakununua kitu, akakaa kimya, akaagiza rolex mbili, chapati za kukunjia mayai, kwa kijana wa chapati pale kona. Fungu lake likabaki na karata 8. Zamu ya nne alikuwa na fedha, shaba tatu na shamba, sarafu 5, akanunua Laboratory. Zamu ya tano Chapel ikamrudia ikiwa na shaba tatu na shamba la mwisho; akachoma nne zote, hakununua kitu tena. Hapo nilimwonea huruma. Alibaki na karata tano tu: Chapel, Laboratory, fedha moja na shaba mbili.

Hesabu hizo karata tano. Ni sarafu 4, lakini ni sarafu 4 za uhakika, kila zamu, kwa sababu fungu zima linaingia mkononi. Zamu ya sita akanunua fedha. Zamu ya saba alikuwa na 6, akanunua dhahabu. Zamu ya nane fungu lilikuwa na karata 7, alishika tano na Laboratory ilikuwemo, ikamvutia mbili zilizobaki: fedha mbili, shaba mbili, dhahabu. Sarafu 9. Jimbo.

Zamu moja tu nyuma yangu. Tofauti ni kwamba mimi nilikuwa na jimbo lililoketi ndani ya fungu la karata 15 lenye mashamba matatu na shaba tano hivi, na kila nikishika mkono naombea bahati. Yeye alikuwa na karata 8, na kila alichokinunua kilirudi mkononi kesho yake. Market aliyonunua akaitumia zamu iliyofuata. Mimi Market yangu ilikuwa inazunguka kama basi la kijijini, inapita mara moja ukiikosa ngoja sana. Mwisho alichukua majimbo 5, mimi 3. Yeye pointi 30, mimi 21, kwa maana mashamba yangu matatu yalinipa pointi 3. Hizo ndizo pointi ambazo watu wanalilia wakiambiwa wachome shamba. Mashamba yote matatu ni nusu ya jimbo moja.

Nikiri: bahati ilimsaidia zamu ya nane. Laboratory ilikuwa na nafasi 5 kwa 7 ya kuwemo katika zile tano za kwanza. Isingekuwemo, jimbo lake la kwanza huenda lingechelewa. Lakini linganisha nafasi hiyo na zangu, kila zamu, na karata zangu kumi na tano.

Kosa langu la siku ya kwanza

Sasa nirudi kwenye aibu. Siku ile ya kwanza nilichoma mashamba yote na shaba zote saba. Nilifurahia kuchoma. Nilipomaliza, fungu langu lilikuwa Chapel na fedha moja. Sarafu 2 kila zamu, na kwa sarafu 2 dukani hakuna chochote cha kukusogeza. Ikabidi nichukue shaba, ambayo bei yake ni sifuri, yaani nilikuwa narudisha zile zile nilizozichoma, huku shemeji anahesabu majimbo yake kwa sauti.

Tangu hapo nina kanuni yangu: usichome shaba itakayokushusha chini ya sarafu 4 katika fungu zima. Nne inakupa fedha, fedha inakufikisha sita, sita ni dhahabu, kama ulivyoona kwa shemeji. Mashamba hayaingii kwenye kanuni hii. Hayo choma yakitokea tu. Na kama mkononi una Chapel, shamba moja na shaba tatu, na bado huna karata yoyote ya maana, kuna wakati inafaa kuchoma shamba peke yake na kununua fedha kwa zile shaba tatu. Wapenda Chapel wengine watasema unachelewesha. Mimi naona ni bora kuchelewa zamu moja kuliko kuokota shaba.

Kosa la pili, dogo, ni kununua Chapel mbili. Moja inatosha. Ukiwa na nafasi 5 kwa 6 ya kuiona mapema, ya pili itakuja tu kukaa mahali pa karata nzuri.

Meza inaposema usichukue Chapel

Uchaguzi hauko kwenye karata hizi mbili peke yake. Uko kwenye zile nane nyingine.

Gardens ikiwepo pamoja na Workshop, funika macho usione Chapel. Gardens inatoa pointi moja kwa kila karata 10 ulizonazo, na Workshop inakupa bure karata ya bei hadi 4, ambayo ndiyo bei ya Gardens. Mtu anayefuata njia hiyo anataka fungu nene, karata 40 na zaidi, kila Gardens ikimlipa 4. Hapo kuchoma ni kujikata mguu, na Moneylender nayo inakuwa haina kazi. Ndio mchezo pekee ambapo yule anayeokota takataka yote anacheka mwisho, na kwa sisi wa matatu unahisi kama dunia imepinduka.

Meza ikiwa kavu, hakuna Village, hakuna Laboratory wala Market, ila Smithy tu ya kuvuta karata tatu, faida ya Chapel inapungua sana. Fungu jembamba linapendeza kama lina kitu cha kulizungusha. Hapo mimi nanunua fedha, Smithy, dhahabu, naziacha zote mbili, Chapel na Moneylender, kwa sababu zote zinagombania kitendo kimoja na Smithy.

Militia ndiyo inayonigawa. Anayeicheza anapata sarafu 2 na wenzake wote wanashuka hadi karata tatu mkononi. Ukibaki na Chapel na karata mbili, bado unachoma mbili, lakini zamu yako ya kununua imekufa kabisa. Ukibaki na Moneylender, shaba na fedha, unapata 3 kwa shaba na 2 kwa fedha: sarafu 5, kana kwamba hakuna aliyekupiga. Wapinzani wako wakiwa watu wa Militia, Moneylender inavumilia kipigo vizuri zaidi. Nyumbani kwetu binamu yangu hununua Militia kila mara ikitokea, hata isipomfaa, kwa sababu anapenda kuona sura zetu. Nikiwa nacheza naye namhesabu kabla ya kuhesabu karata.

Witch akiwepo

Hili linahitaji muda. Witch ana bei ya 5, anakuvutia karata mbili, na kila mwenzako anapewa laana yenye pointi hasi moja. Wachezaji wawili wana laana 10 kwenye rundo, watatu 20, wanne 30. Anayempata Witch mapema anajaza mafungu ya wenzake matope.

Hoja ya Moneylender hapa ni nzito: inakufikisha 5 zamu ya tatu au ya nne, kama ilivyonifikisha mimi kwenye Laboratory. Kwa hiyo wewe ndiye utakayerusha laana ya kwanza. Shemeji ameshikilia hoja hiyo mpaka leo, kwamba katika mbio, anayetangulia ndiye anayetangulia.

Mimi nasema hapana. Laana zitakuja hata ukitangulia, kwa sababu mwenzako naye atampata Witch zamu mbili baadaye. Moneylender haiwezi kuchoma laana hata moja. Laana tano zikikaa kwenye fungu lako ni kama mashamba matano mengine, ila haya yanakula pointi. Chapel inazisafisha nne kwa mpigo, na fungu jembamba linamfanya Witch wako mwenyewe atokee mara nyingi zaidi. Ukipata ule mgawanyo wa 5 na 2, Witch na Chapel kwa zamu mbili za kwanza ni mwanzo mgumu kuushinda, na mtu akinifanyia hivyo natamani umeme ukatike.

Remodel na Sentry

Watu huuliza kwa nini siweki Remodel pembeni ya hizi mbili. Bei yake ni 4, inachoma karata moja ya mkononi na kukupa nyingine yenye bei hadi 2 zaidi. Lakini haipunguzi idadi, inabadilisha tu. Shamba la bei 2 linakuwa Smithy au Militia ya bei 4. Vizuri, ila moja moja, polepole. Uzuri wake uko mwisho wa mchezo, dhahabu ya bei 6 inapogeuka jimbo la bei 8 bila kutoa hata sarafu moja. Mtu anayeongoza anaweza hata kuchoma jimbo achukue jimbo, pointi zake zisibadilike huku rundo linaisha haraka.

Remodel ni rafiki mkubwa wa Moneylender. Shaba zikishakwisha au zikipungua, Moneylender inakaa mkononi kama mkopeshaji ambaye wadeni wote wamehama mtaa. Bei yake ni 4, kwa hiyo Remodel inaigeuza dhahabu. Chapel nayo ikimaliza kazi inageuzwa Smithy tu, kwa sababu yake ni 2. Hapa Moneylender inashinda waziwazi, na ndiyo sababu nikiiona Remodel mezani mizani yangu huanza kuyumba. Kumbuka tu kwamba Chapel haiwezi kujichoma yenyewe: ukishaicheza haiko tena mkononi.

Sentry ilikuja na toleo la pili la mwaka 2016. Inakuvutia karata, inakurudishia kitendo, halafu unatazama karata mbili za juu ya fungu lako: unaweza kuzichoma, kuzitupa kwa kawaida au kuzirudisha kwa mpangilio unaoutaka. Haina ubaya wowote isipokuwa bei ya 5, ambayo mara 5 kati ya 6 hutaifikia katika zamu mbili za kwanza. Mwenye Chapel hana haja nayo sana kwa kuchoma. Mwenye Moneylender ana haja nayo mno, kwa sababu ndiyo itakayomwondolea mashamba ambayo Moneylender haiyagusi, na hazigombani kwa kitendo. Mine pia ipo, ya bei 5, inageuza shaba kuwa fedha. Sijawahi kuona inamwokoa mtu aliyekwisha kuchelewa.

Kwa hiyo mimi nachukua nini

Chapel na Moneylender zikiwa mezani, na kuna angalau karata mbili za kuvuta au kuzungusha kama Laboratory, Market au Village pamoja na Smithy, nachukua Chapel bila kusita. Witch akiwepo, Chapel. Mgawanyo wa 5 na 2, Chapel. Kuna Gardens na Workshop, sichukui yoyote.

Nahama kwenda Moneylender pale ninapoona mambo matatu kwa pamoja: Militia iko mikononi mwa mtu anayeipenda, Remodel au Sentry ipo ya kunisaidia baadaye, na karata ninayoitaka kuliko zote ina bei ya 5. Likikosekana moja kati ya hayo, narudi Chapel. Mchezaji anayeanza leo, ambaye bado hajazoea kuhesabu sarafu zilizobaki kwenye fungu, ninamshauri aanze na Moneylender kwa michezo miwili mitatu. Haiwezi kumwangamiza kama Chapel ilivyoniangamiza mimi, kwa sababu inachoma moja moja na kila ikichoma inalipa.

Hivi juzi tulifungua kumi mpya na zikatoka zote: Chapel, Moneylender, Militia, Remodel, Sentry. Binamu yangu yumo mezani, Militia yake tayari ameishika mkono hata kabla ya kuchanga karata. Shemeji, ambaye siku ile ya kwanza aliuliza hiyo ni biashara ya wapi, amekwisha kuvuta rundo la Chapel upande wake. "Shemeji, chukua mtu wako wa riba," ananiambia. Nimepata shaba nne na shamba moja. Nimechukua.